Takwimu za wodi ya watoto wachanga: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya wilaya, Tanzania. Tunalaza watoto kama 60 kwa mwezi. Tunajaza faili, rejista na fomu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), na taarifa huingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mwezi mmoja vifo hushuka, unaofuata hupanda, na hatujui sababu. Tutumieje takwimu hizi kuboresha huduma? Na je, lazima tupate kompyuta kwanza?

Jibu: Sista, vifo mvihesabu kila mwezi, lakini msivitegemee kuwaonyesha kama kazi ya wiki hii imekwenda vizuri. Wodi inayolaza watoto 60 na kwa kawaida kupoteza 8 inaweza kuona vifo 3 mwezi mmoja na 13 mwezi mwingine bila chochote kubadilika katika huduma. Tena wodi ikianza kuaminika, vituo vya afya huleta watoto walio katika hali mbaya zaidi, na vifo huongezeka wakati huduma imekuwa bora. Kwa hiyo visomeni kwa makundi ya uzito, na waliozaliwa hapo hospitalini muwatenge na walioletwa kwa rufaa.

Cha kuanzia ni joto la mwili mtoto anapopokelewa wodini. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari nyingi kujipasha; sukari ya damu hushuka na kupumua huzidi kuwa kwa shida, hasa kwa njiti (waliozaliwa kabla ya wakati). Kiwango cha kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kwa mujibu wa WHO, 36.0 hadi 36.4 ni kupoa kidogo, 32.0 hadi 35.9 ni kupoa kwa wastani, na chini ya 32 ni hatari kubwa. Faida ya kipimo hiki ni kwamba kila mtoto anacho, na marekebisho yake mengi yamo mikononi mwenu.

Kagueni kwanza kifaa chenyewe. Kipimajoto cha kawaida cha zebaki huanzia nyuzi 35, hivyo mtoto mwenye 33 ataandikwa 35 na hakuna atakayeshtuka. Tafuteni kinachosoma chini zaidi; vya kidijiti vingi hufika 32. Kikionyesha “Lo”, andikeni “chini ya kiwango”, msikisie namba. Mpimeni kwapani mara tu anapofika, kabla joto la kitanda cha kupashia halijaficha hali aliyokuja nayo. Kupima kusicheleweshe kumpasha.

Kisha hesabuni kila wiki. Tuseme wamelazwa 18, waliopimwa na kuandikwa ni 14, na kati yao 9 wako chini ya 36.5. Hapo mna namba mbili: waliopimwa ni asilimia 78 (14 kwa 18), waliopoa ni asilimia 64 (9 kwa 14). Zote mbili ziandikwe. Wale wanne wasio na namba mara nyingi ni walioingia usiku, au waliozidiwa na kufariki mapema kabla faili halijakamilika. Mkiwasahau, wodi itaonekana salama kuliko ilivyo. Linganisheni pia rejista na mafaili, kwa sababu mtoto aliyekufa ndani ya saa moja huenda hana faili kabisa. Mapacha kila mmoja awe na namba yake. “Mtoto wa Fulani” haitoshi.

Mkiona 36.5 imejirudia kupita kiasi, jueni kuna mahali joto linaandikwa bila kupimwa. Msianze kwa kumtafuta mkosaji. Mara nyingi kipimajoto ni kimoja kwa wodi nzima, au betri imekwisha.

Chukueni karatasi ya grafu: wiki ziwe chini, asilimia ya waliopoa pembeni. Baada ya wiki 10 hadi 12, zipangeni asilimia hizo kwa ukubwa, tafuteni namba ya katikati na mchore mstari wake. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari ni dalili kwamba kuna kilichobadilika kweli. Iliyoangukia kwenye mstari wenyewe haihesabiwi. Nukta moja iliyoshuka si ushindi. Karatasi hiyo ibandikwe wodini na leba, wanapoiona wanaoshika watoto, maana fomu ikishatumwa wilayani muuguzi wa zamu hana tena cha kujifunza kutoka kwake.

Sasa gaweni waliopoa kwa mahali walikotoka: leba, chumba cha upasuaji, nje ya hospitali. Kila jibu lina dawa yake. Wengi wakitoka upasuaji, tazameni kiyoyozi. Chumba anamozaliwa mtoto kinatakiwa kisipungue nyuzi 25. Wakitoka leba, angalieni kama wanakaushwa mara moja, wanavishwa kofia na kuwekwa ngozi kwa ngozi, au wanapelekwa wodini kwa kanga iliyolowa. Waliozaliwa kabla ya wiki 32 za ujauzito wafunikwe kwa mfuko safi wa plastiki hadi shingoni bila kukaushwa kwanza mwili. Kichwa kikaushwe na kuvishwa kofia. Wa rufaa wasafiri kifuani mwa mama kila inapowezekana.

Jaribuni badiliko moja, katika zamu moja, kwa siku chache. Likifaa, lipelekeni zamu zote. Wakati huohuo hesabuni wanaozidi 37.5, kwa kuwa mfuko na kitanda cha kupashia vikitumika pamoja bila kupima tena, mtoto hupata joto kupita kiasi.

Joto likitulia, kipimo cha pili kiwe saa kutoka kuzaliwa hadi kuanza kangaruu, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusu watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799: walioanzishwa kangaruu mara baada ya kuzaliwa, vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, waliosubiri kwanza watulie, 15.7. Andikeni saa, si tarehe tu.

Kompyuta isiwacheleweshe. Watoto 60 wanaenea kwenye daftari la mistari: namba ya mtoto, mahali alikozaliwa, uzito, saa ya kufika, joto, saa ya kuanza kangaruu, matokeo. Mtu mmoja alijaze kila asubuhi baada ya makabidhiano ya zamu, na kila Ijumaa mwingine achukue mafaili matano bila kuchagua ayalinganishe nalo. Programu ikija baadaye, hakikisheni ina nafasi ya kuandika “haikupimwa”, tofauti na nafasi iliyoachwa wazi.