Shangazi, binti yangu tumbo linamuuma kila Jumatano

*Shangazi, asalaam aleikum. Nipo Wete, nina binti wa miaka 11, darasa la tano. Kila Jumatano, siku ya michezo, anaamka na tumbo. Nimembana, kasema wanabadilisha nguo darasani, wa kiume na wa kike pamoja, naye mwili umeshaanza kubadilika. Baba yake anataka nikamuombee ruhusa asicheze kabisa. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam, mama. Tumbo hilo usilipeleke hospitali. Mtoto kashikwa na haya, na haya yake ni ya haki.

Hiyo ruhusa ya kutocheza siiungi mkono, mwambie na baba. Akikaa chini ya mwembe kila wiki, wenzake watauliza kwa nini, na jawabu watajitungia wenyewe.

Nenda skuli ukamuone kwanza mwalimu wake wa darasa. Ukianzia kwa mwalimu mkuu, wa michezo ataona umemshitaki. Na usiende na lawama: baadhi ya skuli zetu madarasa yenyewe hayatoshi, sembuse chumba cha kubadilishia nguo. Omba linalowezekana. Watoto wa kiume watoke, mwalimu wa kike asimame mlangoni, madirisha yatundikwe kanga (mbili peleka wewe). Kisha wa kiume nao wapewe zamu yao. Wapo wanaoona haya vilevile, ila hawasemi. Na simu isiingie humo, hata ya mwalimu.

Huku ukisubiri jawabu lao, Jumatano avae suruali ya mazoezi chini ya sketi na fulana ndefu ya mikono ndani ya shati, tangu nyumbani. Uwanjani anavua vya juu tu, basi. Iwe ya pamba, isimbane. Ya nailoni kaskazi hii itampika.

Shida ni baada ya mchezo, jasho limemganda. Mtilie mkobani fulana kavu na kanga, umfundishe tunavyobadilisha sisi pwani: kanga ipite kifuani, ncha zifungwe nyuma ya shingo, mikono iingie ndani, fulana mbichi ivuliwe humohumo na kavu ivaliwe humohumo. Afanye mazoezi chumbani mpaka azoee, maana anayehangaika na kanga ndiye anayetazamwa.

Na hayo mabadiliko ya mwili mueleze wewe, kabla hajaelezwa na wenzake.

Baba akisema ushungi na mpira havipatani, mkumbushe kuwa FIFA imeruhusu hijabu uwanjani tangu 2014. Ila pini aziache nyumbani: kwenye netiboli mtu akimvuta ushungi, pini inamchoma shingoni. Mshonee ule wa kuingiza kichwa tu, uliofungwa chini ya kidevu, na usiwe mrefu wa kumkalia mikononi anapodaka mpira.