Barua kwa mwanangu: Uliniuliza kama Degner alikuwa mwizi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na mama yako naye kausikiliza akacheka, akasema, "Haya fundi, leo umepata swali la saizi yako." Mambo marefu kwenye simu siyawezi, vidole vinanisumbua. Nimeandika kwenye daftari, mdogo wako atachapa akutumie. Akichomeka maneno yake humo, mimi simo.

Nalirudia swali lako tusije tukapishana. Umesema mlikwenda Zschopau, huko huko Ujerumani uliko, na wenzako wa chuo kutazama pikipiki za zamani kwenye ile ngome ya Wildeck, na mkiwa mnarudi Chemnitz ukazuka ubishi. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha pikipiki cha pale akasema Ernst Degner, yule mwendesha pikipiki za mashindano wa Ujerumani Mashariki aliyekimbilia Magharibi mwaka 1961, alikuwa mwizi na msaliti. Kijana mwenzako akabisha: yule alikimbia nchi iliyogeuzwa gereza, ni shujaa. Wewe ukakumbuka kwamba jina hilo ulilisikia kwangu gereji, ukiwa bado unachezea spana. Ukaniuliza, "Baba, aliiba au hakuiba?"

Aliiba. Ila si kwa namna anayosema yule mzee, na aliyeibiwa siye anayemfikiria.

Tuanze na Walter Kaaden, maana bila yeye Degner angebaki mwendesha pikipiki hodari kati ya wengi. Kaaden ndiye aliyekuwa mkuu wa mbio pale MZ, kiwanda hicho cha Zschopau, mali ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Kabla ya vita mahali pale palikuwa pa DKW, kampuni ya pikipiki, kwa hiyo injini za tustroki walikuwa wanazijua toka zamani. Pesa hawakuwa nazo, na vifaa vizuri vya Magharibi vilitaka fedha za kigeni ambazo serikali haikutaka kuzitoa kwa ajili ya mashindano. Katika dhiki hiyo Kaaden akafanya jambo ambalo matajiri hawakulifanya.

Wewe umesomea, lakini ngoja nilieleze kifundi. Tustroki haina valvu kama Boxer za bodaboda. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafunga na kuyafungua. Tundu la moshi likifunguka, moshi unatoka, mchanganyiko mpya wa petroli unaingia, na sehemu ya huo mchanganyiko mpya inaufuata moshi nje kabla haujaungua. Ni hasara tupu. Kaaden akaona kwamba moshi ukitoka unatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri ndani ya bomba. Ukilipa bomba tumbo linalopanuka kisha likabana tena, kishindo kinagonga kwenye ule mbano na kurudi. Ukipatia urefu, kinafika mlangoni sekunde ile ile pistoni inapotaka kufunga, kinausukuma ule mchanganyiko uliotoroka urudi ndani, kama konda wa daladala anavyowasukuma kwa bega abiria wanaoning'inia mlangoni kabla gari halijaondoka. Silinda inajaa kuliko ujazo wake.

Na unakumbuka vijana waliokuwa wakija niwakatie ekzosi ya Yamaha DT, tustroki ile, ili ilie? Nikikataa wanakwenda kwa mwingine. Wanarudi baadaye pikipiki inanguruma mtaa mzima, ikifika njia ya Morningside inakohoa, haipandi. Walikuwa wamemkata konda.

Kaaden hakuanzia sifuri. Erich Wolf alishacheza na mabomba ya namna hiyo kabla yake, na ile sahani inayozunguka kufungua na kufunga njia ya mchanganyiko kuingia injini aliipata kwa Daniel Zimmermann. Yeye alizileta pamoja, akapima mawimbi kwa chombo badala ya kubahatisha, akakata na kuchomelea, akarudia. Kufika mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu farasi 25. Mwanangu, Boxer ya cc 150 hapa mtaani haifiki nusu yake. Hiyo ni sawa na nguvu farasi 200 kwa kila lita bila kushindiliwa hewa, na hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Degner alizaliwa Gleiwitz mwaka 1931, mji ambao leo uko Poland. Pale MZ hakuwa mtu wa kupanda na kushuka tu. Alikuwa na elimu ya ufundi, anashika zana, anaijua injini toka kwenye krenki mpaka mwisho wa bomba. Mwaka 1959 alishinda Grand Prix kule Monza mbele ya Waitaliano, kwao. Mwaka 1961 ukawa wake: akashinda Hockenheim, akashinda Sachsenring nyumbani, akashinda tena Monza mwanzoni mwa Septemba, na taji la dunia la cc 125 likawa linamwita.

Katikati ya mwaka huo huo, tarehe 13 Agosti, serikali ya Mashariki ikaifunga Berlin, watu wasivuke kwenda Magharibi. Weka tarehe hiyo mbele ya yule kijana mwenzako na mbele ya yule mzee pia, maana wote wawili wanapita juu yake haraka. Mwendesha pikipiki alikuwa anaruhusiwa kusafiri nje. Mke na watoto wanabaki. Serikali haikuhitaji kumfunga pingu, ilikuwa imeshika familia. Suzuki walikuwa wameshaanza kuzungumza naye chinichini tangu mashindano ya kisiwa cha Man mwezi Juni, wakati njia ya kupitia Berlin bado iko wazi. Ukuta ulipojengwa, mpango ukageuka kuwa jambo la kufa na kupona.

Tarehe 17 Septemba, Kristianstad, Sweden. Mbio zimeanza tu, injini ya Degner ikafa. Akaondoka uwanjani, akavuka kwenda Denmark, akaingia Ujerumani Magharibi. Mwisho wa wiki ile ile mkewe na wanawe wawili walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwenye buti ya gari, watoto wamepewa dawa ya usingizi wasilie. Mama yako nilipomsomea hapo alinyamaza, kisha akauliza kama walipata hewa. Walipata, walifika.

Sasa nakujibu, na nitayatenga mambo matatu ambayo yule mzee anayafunga kitita kimoja.

Kuondoka kwake simlaumu hata kidogo. Nchi ikikuambia unaweza kwenda lakini watoto wako ni rehani, haiwezi tena kudai uaminifu wako. Na kama mzee anasema alilisaliti taifa, muulize kuhusu mwaka 1971 pale Sachsenring. Dieter Braun, Mjerumani wa Magharibi, alishinda cc 250, ukapigwa wimbo wa taifa wa Magharibi kwenye ardhi ya Mashariki, na watazamaji kwa maelfu wakauimba. Mwaka uliofuata ndio ukawa wa mwisho kwa Grand Prix kuchezwa kule wakati wa utawala ule. Huyo msaliti alikuwa na wenzake wengi.

La pili, kwamba aliiua injini makusudi kule Sweden. MZ walimshtaki hivyo, na mimi siamini. Injini inayotoa nguvu kiasi kile kutoka kwenye silinda ndogo kama kikombe inaishi ukingoni. Petroli ikipungua kidogo tu kwenye mchanganyiko, pistoni inatoboka; wewe mwenyewe umeziona kwenye kile kibati changu, zina tundu katikati. Tena fikiri kama mwanamichezo: unaongoza msimamo wa dunia, utavunja injini ya nini? Unashinda kwanza, unakimbia ukiwa bingwa, na bei yako inapanda. Leseni yake ilifutwa na wakubwa wa Mashariki. Akatafuta pikipiki ya Kiingereza, EMC, apande duru ya mwisho Argentina; haikufika kwa wakati. Tom Phillis wa Australia akashinda kule, taji likaenda Honda. Hasara ya Kristianstad ilimwangukia yeye kuliko mtu yeyote.

La tatu ndilo linalonikwama. Alikwenda Hamamatsu, kwa Suzuki kule Japani, na siri za Kaaden, na inasimuliwa kwamba mzigoni mlikuwa na michoro na vipuri. Kichwa chake kilikuwa mali yake. Miaka aliyokaa na injini ile, sikio lake lililojua kwa mlio tu kwamba petroli imepungua, vitu hivyo hakuna mpaka unaoweza kumvua. Michoro ni kitu kingine. Michoro ilikuwa usiku wa mtu mwingine, mtu aliyemwamini, aliyemtengenezea pikipiki ya ushindi, ambaye hakupata pesa yoyote kwa hayo na hakujenga ukuta wowote. Yule mzee analia kwa niaba ya kiwanda, na kijana anacheka kwa sababu kiwanda kilikuwa cha serikali mbaya. Wote wawili wanamsahau Kaaden. Alibaki pale pale Zschopau, akaendelea kuunda pikipiki kwa vifaa vile vile haba, akafa mwaka 1996. MZ haikupata taji la dunia la mbio za barabarani hata siku moja.

Najua pia kwa nini swali hili limekuja sasa hivi. Mkataba wako pale maabara unaisha, na wapinzani wao wamekuita. Uliligusa juujuu nikalisikia. Nenda kama wanalipa vizuri. Kompyuta yao warudishie, mafaili yao usiyahamishe hata kama hesabu ulizipiga wewe, na ukifika huko mkikwama kwenye jambo ambalo jibu lake unalijua kwa kuwa ulilishika kwa mkono wako, sema. Wakikuuliza namba za wenzao, waambie wapime wenyewe. Kama walikuajiri kwa ajili ya namba tu, utajua mapema.

Kilichotokea Japani unaweza kukisoma popote, kwa hiyo nafupisha. Suzuki kabla yake walikuwa wanamaliza nyuma. Mwaka 1962 daraja la cc 50 lilianza kuhesabiwa kwa ubingwa wa dunia, na Degner akalichukua kwa Suzuki, akimshinda Hans-Georg Anscheidt wa Kreidler. Lilikuwa taji la kwanza la Suzuki na la kwanza la dunia kwa tustroki. Haki ni haki: wahandisi wa Kijapani hawakunakili wakalala, walifanya kazi kwelikweli, na wenzao wa Yamaha nao wakaingia. Tangu mwaka 1975 hadi 2001 kila bingwa wa cc 500 alikuwa juu ya tustroki. Na zile Suzuki na Yamaha za moshi wa buluu walizopanda mabwana shamba na mapadri, zilizokusomesha wewe mpaka ukafika Ulaya, tumbo la ekzosi zao lilikuwa na akili ya yule bwana wa Zschopau. Wakati nazifungua sikulijua jina lake. La Degner nilikuwa nalijua. Hilo nalo linaniudhi kidogo.

Degner mwenyewe hakustarehe sana. Novemba 1962 uwanja mpya wa Suzuka ulipofunguliwa alianguka kwenye kona moja, na kona hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Hata magari ya Formula 1 yanapita hapo. Mwaka mmoja baadaye, uwanja huo huo, alianguka na Suzuki ya cc 250, tangi likashika moto naye yuko chini amezimia. Alibandikwa ngozi zaidi ya mara hamsini. Ungedhani ameishia hapo, lakini mwaka 1964 alirudi, na mwishoni mwa msimu akashinda cc 125 pale pale Suzuka. Hilo nalivulia kofia bila kujali mengine. Aliacha mashindano mwaka 1966, akaishi na maumivu na dawa za maumivu, akafariki Tenerife Septemba 1983, akiwa na miaka 51. Wapo wanaonong'ona kwamba mkono wa Stasi, polisi wa siri wa Mashariki, ulimfikia. Mimi uvumi wa namna hiyo siuchukui; mtu aliyeungua vile na kumeza vile hahitaji kuuawa na mtu.

Ukipata Jumapili ya jua, nenda Hohenstein-Ernstthal, si mbali na hapo kwenu. Usiishie kwenye uwanja wa sasa. Sachsenring ya zamani ilipita kwenye barabara za kawaida, karibu kilometa tisa, katikati ya mji. Nipigie picha ya lami, hata kama ni kona yenye duka na kituo cha basi. Na yule mzee ukikutana naye tena, muulize kama alimfahamu Kaaden ana kwa ana, na alikuwa bosi wa namna gani. Nataka kujua kama alikuwa anapiga kelele gereji.

Mama yako anasema ulete vipimo vya viatu vyako, fundi wa Msamvu ameanza kazi. Mdogo wako anasema hajachomeka neno.

Ni mimi baba yako.