Mama yake bibi hayumo kwenye stakabadhi za kodi

Nilipoanza kumtafuta mama yake bibi, mkulima wa huku kwetu Tabora, nilifungua sanduku la bati la nyumbani. Humo mlikuwa na stakabadhi za kodi na kitabu cha mauzo ya tumbaku, vyote kwa jina la mumewe. Kwa miezi mitatu nilifuata nyayo za mume nikidhani namfuata mke. Wewe unayeanza, usipotelee huko. Kodi alidaiwa mwanamume, na tumbaku iliuzwa kwa jina lake hata kama matuta aliyainua mke.

Kama ukoo wenu ni wa Kikatoliki, mwombe paroko akuruhusu kuona vitabu vya ubatizo. Tafuta kwanza watoto wote wa mwanamke unayemtafuta, maana kila mtoto aliandikwa pamoja na jina la mama. Kisha angalia majina ya wasimamizi. Mimi nilimkuta mara nne akiwasimamia watoto wa majirani kabla sijauona ubatizo wake mwenyewe, na nilifurahi mno, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba majirani walimwamini kiasi hicho. Soma na pembeni mwa ukurasa. Huko huongezwa habari za ndoa na kipaimara. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, lakini maneno machache yanatosha: filia ni binti, uxor ni mke, vidua ni mjane. Majina yasome kwa sauti, maana mapadri wageni waliandika walivyosikia, na R na L zinabadilishana.

Wazee hawakutajii mwaka, wanakutajia tukio. Akisema "reli ilipofika", uliza ilipofika wapi: Tabora ni 1912, Kigoma ni 1914. Akisema "Wabelgiji walipokuja", waliingia Tabora Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, mwaka uuweke kando kwa penseli.

Swali lililonifaa kuliko yote ni la mahari: ng'ombe wangapi, na nani aliwapokea? Mzee asiyekumbuka mwaka wa harusi atakutajia ng'ombe hadi rangi zao. Aliyewapokea ni baba au kaka wa mwanamke unayemtafuta, na hapo umefika kwao. Kwa Wanyamwezi mahari hueleza pia kwa nini watoto wengine walihesabiwa upande wa mama: ni pale ambapo haikulipwa.

Kaburi usilitafute kijiji cha sasa. Watu walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, huku Tabora zaidi 1974, na makaburi yalibaki kwenye mahame. Nenda na mtu aliyeishi pale. Shangazi yangu alinipeleka, akafyeka nyasi chini ya mwembe, akanionyesha jiwe ambalo mama yake bibi alisagia mtama. Limelika katikati. Nililipiga picha, na nyuma ya picha nikaandika tarehe na jina la shangazi.