Kompaila ikinyamaza, kazi haijaisha

Umekabidhiwa moduli ya C, yaani msimbo wa C unaoitwa kutoka Python, iliyoandikwa enzi za Python 3.8, unatakiwa uihamishie 3.12. Usiguse kitu kwanza. Ijenge kwenye toleo lake la zamani, endesha majaribio yote, hifadhi majibu. Bila hayo, kosa likijitokeza hutajua umelizaa wewe au umelikuta.

Makosa ya mwanzo yana kelele na hayasumbui. distutils, zana ya zamani ya kujenga moduli, iliondolewa kwenye 3.12, hivyo setup.py (faili la maelekezo ya ujenzi) ya zamani itakwama palepale inapoiita; tumia setuptools, mrithi wake. Palipoandikwa Py_TYPE(x) = ... ili kubadili aina ya kitu, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wa C kwa lugha ya mashine) inakataa tangu 3.11, weka Py_SET_TYPE. Nusu siku umemaliza.

Ogopa lile lisilopiga kelele. Moduli niliyoihamisha mimi ilipokea maandishi na urefu wake (ndiyo maana ya "s#") hivi:

int n;
PyArg_ParseTuple(args, "s#", &buf, &n);

Kwenye 3.12 ikatoa SystemError, inadai PY_SSIZE_T_CLEAN. Nikaiweka makro hiyo (jina linalowekwa kwa #define) juu ya mstari wa #include wa Python.h, moduli ikajengeka, majaribio yakapita, nikaipeleka kwenye seva. Siku ya tatu programu ikaanza kuanguka, leo hapa, kesho kule. Wiki nzima nilikagua Py_INCREF na Py_DECREF, zinazohesabu marejeo ya kila kitu kwenye kumbukumbu, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sawa.

Kumbe ukishaweka makro ile, Python huandika urefu kama Py_ssize_t, yaani baiti 8 kwenye mashine ya biti 64. n yangu ni int, ina baiti 4. Nne zilizozidi zikamwagikia kwa jirani, yaani kigeu kilicho kando yake kwenye kumbukumbu. Kwenye kompyuta yangu jirani hakuwepo. Kwenye seva, tulikojenga kwa -O2 (kiwango cha uboreshaji cha kompaila), palikaa pointa (kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu), nayo ikafutwa nusu. Kompaila haikuonya kwa sababu PyArg_ParseTuple hupokea hoja za aina yoyote, na maana ya "s#" inaijua Python peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza makro, tafuta kila # iliyomo ndani ya alama za nukuu, kwenye PyArg_ParseTuple na kwenye Py_BuildValue pia, ukague kwa macho aina ya kigeu kinachobeba urefu. Kila int igeuze Py_ssize_t. Na ukiruka moja kwa moja hadi 3.13, kuwa makini zaidi: toleo hilo halidai makro tena, hivyo hata ile SystemError ya kukuamsha hutaipata. Linaandika baiti zake 8 na kuendelea.