Jibu: Kwa nini kishada cha atomu 38 kinagoma kushuka chini ya −173.252

Mkuu, umesema kila ukitafuta umbo lenye nishati ndogo kabisa la kishada (kundi dogo la atomu zilizoshikana) cha atomu 38 kwa kanuni ya Lennard-Jones (fomula ya nishati kati ya kila atomu mbili) unaishia −173.252 epsiloni (kipimo cha nishati cha fomula hiyo), ilhali majedwali yanatoa −173.928. Programu yako haina kosa. Umeangukia umbo halali la jamii ya ikosahedroni (umbo la nyuso 20 za pembetatu). Lile la chini zaidi ni oktahedroni (umbo la nyuso nane) iliyokatwa pembe, atomu zake zimepangwa kama ndani ya fuwele ya argoni.

Kwa kuwa uko Kigoma, fikiria sakafu ya ziwa kama ramani ya nishati: kila shimo ni umbo tulivu, na kadiri lilivyo na kina ndivyo nishati yake ilivyo ndogo. Tanganyika ina shimo la kaskazini, karibu mita 1,310, na la kusini, 1,470, katikati sakafu imeinuka. Jiwe likizama mbele ya Kigoma halitafika kusini hata siku moja. Kwa atomu 38 hali ni ngumu zaidi: mdomo wa shimo la ikosahedroni ni mpana mno, tena mpangilio wa atomu zikiwa kimiminika unafanana na ikosahedroni. Ukipoza haraka, karibu kila mara utatua huko.

Basi acha kupoza. Tumia mbinu ya wanakemia Wales na Doye (1997): sukuma kila atomu kiholela, kama 0.35 sigma (kipimo cha urefu cha fomula hiyo), shusha nishati hadi kitako cha bonde, ndipo ulinganishe kitako kipya na cha zamani. Kikiwa chini, kubali. Kikiwa juu, kubali kwa uwezekano wa exp(−ΔE/kT), ambapo ΔE ni tofauti ya nishati ya vitako hivyo na kT ni joto kwa kipimo cha nishati, hapa epsiloni 0.8. Ni joto kubwa kuliko la kuyeyuka, lakini hapa unalinganisha vitako tu, miinuko kati ya mabonde imeshafutwa, kwa hiyo halidhuru. Rekebisha msukumo hadi nusu ya majaribio ikubaliwe. Ukiwa mdogo mno utarudi bonde lile lile, ukizidi umbo lote linavurugika.

Zifungie atomu ndani ya tufe, la sivyo nyingine zitapaa. Atomu mbili zikianza zimebanana, sehemu ya fomula inayozisukuma, r⁻¹² (r ni umbali kati yao), inalipuka. Usishushe nusunusu pia, maana umbo moja litahesabika kama mawili. Na kwa umeme wetu huu, hifadhi viwianishi (namba za mahali pa kila atomu) kila mara. Anza upya kutoka sehemu nyingi, kuliko safari moja ndefu.

Jipime kwanza kwa atomu 13: usipopata −44.327, hapo ndipo kuna kosa kwenye programu.

Halafu kwenye ripoti usiandike kwamba oktahedroni ndiyo itakayoonekana daima. kT ikipita takriban 0.12, maumbo ya ikosahedroni yanashinda kwa entropia (wingi wa njia za kujipanga), kwa sababu ni mengi na mitetemo yake ni legevu zaidi.