Bomba la kitambaa tumboni lina muda wa kuisha?

SWALI: Baba yangu ana miaka 74. Miaka 9 iliyopita alipasuliwa tumbo kwa sababu mshipa mkuu wa damu, yaani aota, ulikuwa umetanuka, akawekewa bomba la kitambaa. Sasa kovu linatokeza uvimbe kila akikohoa (bado anavuta sigara mbili tatu baada ya kahawa), naye anahofu kwamba bomba limelegea. Je, lina muda wa kuisha? Angetibiwa kupitia kinena, asingekuwa salama zaidi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo zetu zimfikie mzee. Uvimbe unaotokeza anapokohoa na kurudi ndani anapolala chali kwa kawaida ni ngiri ya kovu, tatizo linalowapata wengi waliopasuliwa hivyo. Bomba lenyewe liko nyuma kabisa, mbele ya uti wa mgongo. Hata hivyo daktari wa upasuaji aupime, na ukiwa mgumu, ukauma na kukataa kurudi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bomba la poliesta halina tarehe ya kuisha. Penye kuhitaji jicho ni kwenye mishono, ambako mshipa wa asili unaweza kutanuka tena baada ya miaka mingi, ndiyo maana hupendekezwa kipimo cha CT kila baada ya miaka 5 hivi. Mzee asingoje zaidi.

Kuhusu njia ya kinena, yaani bomba kupitishwa ndani ya mshipa wa kinena hadi kwenye aota bila kupasua tumbo, utafiti wa Uingereza uitwao EVAR 1, ulioanza 1999, uliwagawa wagonjwa 1,252 kwa bahati nasibu kati ya njia hizo mbili. Katika siku 30 za mwanzo walikufa takriban 4 kwa kila 100 waliopasuliwa, na 2 kwa kila 100 wa kinena. Tofauti hiyo ilifutika baada ya miaka michache, na kuanzia mwaka wa 8 waliokufa zaidi ni wa kinena, kwa kiasi fulani kwa sababu mfuko wa zamani, yaani sehemu ya aota iliyotanuka ambayo njia hiyo huiacha mahali pake, ukipenywa tena na damu, uliweza kupasuka. Mzee amekwisha kuvuka hatari ya njia yake. Sioni cha kujutia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile sigara, maana wagonjwa hawa huondolewa na moyo mara nyingi kuliko bomba. Aziache, na dawa za presha asizikatize.

Akitapika damu, akapata choo cheusi kama lami au homa isiyoeleweka, mkimbizeni hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba ana bomba kwenye aota.