Je, Niiache Perl?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza programu ya bohari iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo baada ya kuhamia toleo la 5.38 ilianza kutoa maonyo kuhusu alama ya ~~, inayotumika kulinganisha vitu. Nilipouliza katika kikundi kimoja cha waandishi wa programu kwa nini lugha hii inadorora, msimamizi alifuta swali langu bila maelezo. Je, niiache? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako una msingi. Lugha hii, iliyoanzishwa na Larry Wall mwaka 1987, ilikaa miaka mingi ikisubiri toleo lake jipya, Perl 6, iliyotangazwa mwaka 2000, ikatoka mwishoni mwa 2015, na mwaka 2019 ikapewa jina la Raku kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa lugha nyingine kabisa. Wakati huo wengi walikuwa wamehamia Python, lugha nyingine ya programu. Kulisema hilo si utovu wa adabu, na msimamizi anayefuta swali la kweli bila kutaja kanuni iliyovunjwa huwafukuza wale wale ambao bado wanaijali lugha hiyo. Mwandikie faraghani, umwombe akutajie kanuni hiyo.

Alama ya ~~ ilikuja na toleo la 5.10 mwaka 2007, ikatangazwa kuwa ya majaribio katika 5.18, kisha 5.38 likaonya kwamba ingeondolewa. Toleo la 5.42 la mwaka 2025 limeibakiza, ila huzimika ukiandika amri ya use v5.42 mwanzoni mwa faili la programu. Ikiwa unatafuta tu kama bidhaa imo kwenye orodha, tumia any, kitendakazi kilichomo katika maktaba ya Perl iitwayo List::Util, na programu iliyobaki iache iendelee kufanya kazi.